Kiwanja cha Chini, Mudzipela

Waliiba hata tanuri ya kukaushia udongo. Sijui mtu mwenye bunduki alidhani ataifanyia nini tanuri isiyooka mkate wala kuchemsha maji, lakini waliing'oa ukutani pamoja na waya zake wakaenda nayo. Mizani ilikwenda. Chekeche za chuma, zile zenye matundu madogo kuliko punje ya mtama, zilikwenda zote. Baadaye niliona moja sokoni, mama mmoja anachekechea unga wa muhogo, na jirani yake akaniambia nyingine ziko Kilo, wanachujia mchanga wa dhahabu. Nilisimama mbele ya yule mama, kisha nikamwacha na unga wake, maana yeye naye alikuwa ameinunua tu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kabla vita havijaingia Bunia. Nilikuwa napima udongo. Nilisomea ujenzi, nikaajiriwa na kampuni moja ya mjini iliyokuwa na maabara ndogo nyuma ya ghala. Mtu akitaka kujenga shule, kanisa au duka kubwa, tulikwenda kwanza kuchimba mashimo, tukatazama kuna nini chini, tukamwambia msingi ushuke mpaka wapi na uwe mpana kiasi gani. Watu waliniita mama wa udongo. Wengine walinicheka kwamba nalipwa kwa kufinyanga matope kama mtoto, lakini nyumba tulizopima zilisimama.

Kisha jeshi la nchi jirani likaondoka, vikundi vyetu vikaanza kugombania mji, na siye tukakimbia. Sitasema kabila gani lilifanya nini. Baba yangu alikuwa wa upande mmoja na mama yangu wa upande wa pili, na nimechoka kuulizwa nichague. Nitakachosimulia hapa hakihitaji kabila. Kinahitaji kiwanja, na watu waliojua kilivyo.

Tuliporudi nilikuta kitu kimoja tu cha kazi kimebaki. Kilikuwa ni fimbo za chuma za kupigia udongo, zilizokuwa chini ya kitanda changu. Zinaunganishwa moja juu ya nyingine, ya chini kabisa ina ncha, na juu yake inateleza nyundo nzito. Unainua nyundo, unaiachia, unahesabu mapigo mpaka ncha ishuke kiasi cha kiganja. Pahali pagumu utapiga mpaka mabega yaume. Pahali pabovu fimbo inazama kama kijiko ndani ya uji. Waporaji walidhani ni nondo chakavu, wakaziruka.

Wakati ule akina mama wa mtaa wa Mudzipela walikuwa wanazalia darasani. Materniti yao, nyumba ya kujifungulia iliyokuwa juu kando ya barabara, ilichomwa siku za mapigano. Mkunga, mwanamke aliyenizidi umri ambaye nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwa ameunganisha madawati, akatundika bashi, turubai la plastiki, iwe pazia, na humo ndani wanawake waliuma vitambaa ili watoto wa shule upande wa pili wasisikie. Niliingia humo siku moja kumpelekea sabuni. Mama mmoja alikuwa amelala chini na mtoto wake wa siku ile, maji ya mvua yakipita karibu na kichwa chake. Nilitoka nikiwa nimefura.

Kwa hiyo shirika moja la msaada lilipomtuma injinia wake kunitafuta, nilifurahi. Alikuwa mtu wa Kinshasa, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunza.

"Mama, yoka, sikiliza," akaniambia, "tunataka kujenga maternité mpya. Ya matofali, na mabati mazuri. Bailleur, mwenye kutoa pesa, amekubali. Tupimie kiwanja."

"Mutajenga pale juu, kwenye ile ya zamani?" nikamuuliza.

Akakuna shingo. "Hapana. Kamanda ametupatia kiwanja kingine, chini kidogo."

Kiwanja cha juu nilikijua. Kabla ya vita niliwahi kukipima, walipotaka kuongeza chumba. Ukichimba mkono mmoja unakutana na udongo mwekundu mgumu, ule unaolia kama kigae ukipigwa jembe, na chini yake kuna jiwe lililoanza kuoza juu lakini zima ndani. Msingi wa pale wazee waliujenga kwa mawe, na moto ulikuwa umeunguza kuta na paa tu. Msingi ulibaki bila ufa. Mtu yeyote mwenye macho angejenga juu yake.

Na mtu mwenye macho alikuwa amekwisha anza. Kamanda aliyeshika mtaa ule, zamani muuza mbao, alikuwa ameondoa majivu ya materniti na kusimamisha nyumba yake mwenyewe juu ya msingi ule ule. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Alijua msingi mzuri akiuona. Akina mama akawapa bondeni.

Nilikwenda bondeni na mchimbaji niliyefanya naye kazi tangu zamani, mzee aliyezunguka mashimo ya dhahabu ya Kilo ujanani na kuyaacha baada ya shimo moja kumbomokea mguuni. Nilimwita papa, kwa maana ya baba. Kiwanja kilikuwa tambarare, kimefunikwa majani mapya, kando ya kijito. Kwa mgeni kilipendeza. Mimi nilikuwa na wasiwasi na utambarare huo, kwa sababu kabla ya vita pahali pale palikuwa shimo. Wafyatua matofali walikuwa wanachota udongo pale miaka yote, na siku za mvua bata waliogelea ndani.

Papa alianza kuchimba. Juu kulikuwa na tabaka jembamba la udongo mwekundu, limemwagwa tu. Chini yake jembe lilipiga kitu kikalia. Bati, limekunjwa, jeusi. Tukalivuta. Chini ya bati kulikuwa na matofali yaliyoungua, majivu, mbao zilizokuwa makaa. Papa akatoa bawaba ya mlango. Akatoa sufuria iliyobonyea, kipande cha ubao mweusi wa mtoto wa shule, ndala moja. Alikuwa akiviweka pembeni kimoja kimoja, kwa mpangilio, kama mtu anayepanga vyombo vya jikoni.

Kisha akasimama ndani ya shimo, akaegemea mpini.

"Mama, hii haiko udongo," akasema. "Hii ni manyumba ya batu."

Nilijua ni nyumba za nani. Avenyu nzima ya nyumba nyuma ya soko ilichomwa, wenyewe wakakimbilia kambi ya karibu na uwanja wa ndege au wakafa. Baadaye mashine ilipita ikisukuma mabaki, na sasa nikajua iliyasukumia wapi. Walichukua nyumba za watu wakazibia shimo, wakatandaza udongo juu, wakakiita kiwanja. Sikulia. Mikono ilikuwa inaniwasha, nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu wa kupiga isipokuwa papa, ambaye hakuwa amefanya kitu.

Tukaendelea, kwa sababu kazi ni kazi. Chini ya vifusi tukakuta udongo mweusi wa mfinyanzi. Nilichukua donge nikaliviringisha kwenye viganja likawa uzi mwembamba, nikaupinda uwe pete, pete haikukatika. Udongo wa namna hiyo kiangazi unasinyaa na kupasuka, mvua ikija unavimba na kuinua chochote kilicho juu yake. Na kabla papa hajafika mwisho wake, maji yakaanza kuingia shimoni kutoka upande wa kijito. Nikaunganisha fimbo pembeni, nikainua nyundo. Pigo la kwanza fimbo ikazama peke yake, ikapitiliza, kisha ikakwama kwenye tofali, nikapiga tena ikatumbukia kwenye uwazi. Tukahamia kona nyingine ya kiwanja, mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo vijana wa kamanda walipotuzunguka.

"Laleni chini!"

Tukalala. Mmoja akanikanyaga kiganja. Wakachukua mifuko yangu midogo ya udongo, ile niliyoifunga vizuri ili isipoteze unyevu, wakaimwaga juu ya jani la mgomba, wakawa wanautawanya kwa vidole na kuutazama juani. Wakamwita kamanda. Alikuja akitembea taratibu, mtu mnene mwenye sauti ndogo.

"Mama wa udongo," akasema. "Munatafuta nini kwenye kiwanja yangu?"

"Tuko tunapima, chef. Ni kwa materniti. Weye mwenyewe ulipatia ingénieur ruhusa."

"Kupima gani? Mutu akichimba huku Ituri, anatafuta zahabu. Ao silaha yenye alificha."

"Natafuta pahali nyumba inaweza kusimama."

Akacheka. Akakanyaga chini mara moja kwa buti. "Nyumba inasimama juu ya udongo. Udongo ndiyo hii. Umeona? Kazi imeisha."

Nikainuka bila kuambiwa. Hasira ilikuwa imeshinda woga, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu mwenye watoto. Nikamwambia kwamba chini ya buti lake kuna paa za majirani, chini ya paa kuna matope, na kwamba ukuta wa matofali ukiwekwa hapo utakwenda kila upande. Nikamwambia pahali pa kujenga materniti ni pale juu.

Sauti yake haikupanda. "Pale juu iko nyumba yangu. Na weye, mama yako alitoka upande gani? Hapana, usijibu. Batu yote iko najua. Ndiyo maana hautaki batu yetu bajengewe kitu."

Nilisikia maneno hayo mara nyingi katika vita vile, kwa kila aina ya jambo, lakini sikuwahi kuyasikia yakisemwa juu ya mfinyanzi. Mfinyanzi unavimba. Unavimba chini ya Mhema, unavimba chini ya Mlendu, unavimba chini ya padri na chini ya askari wa amani wa kofia ya bluu. Na huyu mtu, aliyekuwa anatuuzia mbao mbovu kabla hajapata bunduki, alikuwa amegundua kwamba kila ukweli unaweza kuuzima kwa kuuliza mama yako alitoka upande gani.

Walituachia jioni ile, wakabaki na mifuko na majembe. Fimbo walizirudisha. Hawakuona faida yake.

Injinia nilimkuta kesho yake kwenye nyumba ya shirika, anakula mkate. Nilimweleza yote. Hakushangaa, na hilo ndilo sijamsamehe.

"Najua, mama," akasema. "Nilipita asubuhi, nikaona shimo."

"Kama unajua, basi hatujengi."

"Tutajenga. Nikikataa kiwanja chake, kamanda atafunga mtaa, na projet itaenda mji mwingine. Bamama watabaki kwenye darasa. Unapenda hivyo?"

Nilimpa njia nyingine. Ondoa vifusi vyote, jaza udongo mwekundu kutoka mlimani, shindilia tabaka kwa tabaka. Ni kazi ndefu, akasema. Basi mwaga bamba zima la zege chini ya jengo lote, lenye nondo za kutosha, likae kama sahani ili likiinama liiname zima. Saruji haifiki, akasema, barabara ya Uganda inafungwa kila wiki. Basi usijenge kwa matofali. Jenga kwa mbao na bashi, jengo jepesi, hata likitikisika halitaua mtu. Hapo akacheka kidogo, kwa huzuni.

"Bailleur anataka picha ya matofali, mama."

Kisha akaniomba niandike kwamba udongo ni wa wastani. Neno hilo, wastani, alilisema akitazama mkate. Nikakataa. Akaniambia atapata mwingine wa kuandika. Nikamwambia ampate. Aliinuka akanishika mkono kwa mikono miwili, kama tuko msibani, akasema, "Mama, vita iko vita." Nikautoa mkono wangu.

Mtu mjinga akijenga pabaya unaweza kumhurumia. Huyu alikuwa amesoma kuliko mimi. Alijua majina yote ya udongo ule kwa Kifaransa, alijua utakavyofanya na utakapofanya, na akamwaga saruji juu yake.

Walipoanza kuchimba mitaro ya msingi nilipita njiani nikamwona papa ndani ya mtaro. Nilisimama. Naye akasimama, jembe jipya la shirika mkononi.

"Hata weye?" nikasema.

"Niko na batu ya kulisha, mama. Wajukuu yote iko kwangu, babazao hawako tena."

"Unajua kuna nini humo."

"Najua. Pale kwenye kona nashusha zaidi ya vile wanasema. Wanatukana, lakini nashusha." Akafuta uso. "Nisipochimba miye, atachimba mutu mwenye hatashusha."

Nikaondoka bila kumuaga. Njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, kisha namtukana injinia, kisha kamanda. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimerudi kwa papa na sikuona tena kosa lake.

Jengo lilipanda haraka. Lilipakwa rangi nyeupe na ya samawati, likafunguliwa kwa nyimbo za kwaya na hotuba ya kamanda, aliyezungumzia amani. Injinia alipiga picha zake. Baada ya hapo alihamishiwa mradi mwingine, na sikumwona tena.

Yaya mkunga alikuja kwangu siku chache baadaye, akakaa jikoni nilipokuwa nachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mudogo wangu, niambie kweli. Nitazalishia humo?"

"Kiangazi, ndiyo. Mvua ikianza, hapana."

"Na nitajuaje?"

Nikamuuliza kama bado ana ile plasta ya kufungia mifupa iliyovunjika. Alikuwa nayo. Tukaenda materniti pamoja. Nyufa zilikwisha anza, nyembamba kama unywele, zikipanda kutoka kona za madirisha. Tukakoroga plasta kidogo na maji, tukabandika vipande juu ya nyufa, kila kimoja kikikamata pande mbili za ufa. Sisi wa kazi hii huviita mashahidi. Plasta haina mnyumbuko hata kidogo. Ukuta ukisogea, inakatika.

"Vikikatika, usiniite," nikamwambia. "Usimwite mtu. Toa watu."

Akawa anapita kila asubuhi na kila jioni kuangalia mashahidi wake, kabla hata hajapima joto la wagonjwa. Wauguzi wengine walimcheka. Msimamizi aliyewekwa na kamanda alimwambia anatia watu woga.

Mvua zilianza vibaya mwaka ule. Kijito kilitoka kwenye njia yake. Mchana mmoja nilikuwa sokoni nimejibanza chini ya bati la muuza chumvi, nikasikia watu wanakimbia kuteremka Mudzipela. Nilijua kabla sijauliza. Nilikimbia nao.

Yaya alifanya nilivyomwambia. Mashahidi watatu walikuwa wamekatika asubuhi ile, na mlango wa chumba cha kuzalia uligoma kufunguka. Aliwatoa wote mvuani, wenye uchungu na wenye vichanga, wengine wamebebwa kwa mashuka, huku msimamizi akisimama mlangoni akipiga kelele kwamba wanaharibu jina la materniti. Walikuwa wamejazana chini ya miti ya mikaratusi ng'ambo ya njia. Wote walikuwa nje.

Kisha mama mmoja mzee, aliyekuja kumwuguza bintiye aliyejifungua usiku uliopita, akakumbuka chungu cha maharage alichokiacha kwenye figa la nyuma, kikiegemea ukuta wa mwisho. Bintiye alikuwa hajala. Akarudi. Yaya alimwita, wakamwita wote, na yeye akapunga mkono kuonyesha kwamba ni mara moja tu. Ukuta haukupasuka kwa kishindo, walivyoniambia. Ulikaa chini kwanza, kama mtu anayechoka, halafu ukalala upande ule.

Nilifika wakimtoa. Papa alikuwa anaondoa matofali kwa mikono, kucha zinavuja damu. Tofali lililomuua yule mama mzee lilikuwa jipya, lina rangi ya samawati upande mmoja. Nilimtazama yule bintiye, amekaa kwenye matope na mtoto kifuani, hajafunika kichwa, na nilitaka mtu yeyote mwenye cheo aje pale wakati ule, yeyote. Hakuja mtu.

Redio ilisema ni mvua kubwa na matokeo ya vita. Katika mkutano wa mtaa msimamizi akarudia hayo hayo, na watu wakaitikia kwa vichwa, maana tulikuwa tumezoea. Nikasimama. Sikuomba nafasi ya kusema.

"Mvua haikuchagua kiwanja," nikasema. "Vita haikumwaga saruji. Alichagua mutu. Alimwaga mutu. Miye nilikuwa ndani ya shimo, nilibaonyesha sufuria za jirani zenu, bakaniambia mama yangu alitoka upande mubaya. Leo mama ya mutu amekufa. Huyu alitoka upande gani? Muulize sasa."

Mzee mmoja akaniambia nikae, mama, maneno kama hayo yataleta matatizo. Nikamwambia matatizo yamekwisha kuja, yamezikwa juzi.

Kamanda hakuwepo kunisikia. Alikuwa amekwisha itwa Kinshasa. Walikuwa wanawaingiza makamanda katika jeshi la taifa, na yeye alipewa cheo na gari. Nyumba yake ya juu ilikuwa imeezekwa, haina milango bado, na mlinzi mmoja mwenye bunduki alikaa barazani.

Akina mama walirudi darasani kwa wiki chache. Kisha asubuhi moja yaya akaja kwangu amevaa kitenge chake kizuri na viatu vya kufunga.

"Ile nyumba ya kamanda," akasema, "umeipima?"

"Nimepima chini yake zamani. Lakini kuta zake sijui."

"Kuja upime."

Nilibeba fimbo zangu, papa akaja na jembe. Tukampita mlinzi, ambaye alidhani tumetumwa. Papa akafukua kando ya msingi. Mawe ya wazee yalikuwa pale pale, na kuta mpya zimekaa juu yake sawasawa, jiwe tulilolifunga kamba ili kupima wima likining'inia bila kugusa. Kando ya ukuta nilipiga fimbo mpaka mabega yakauma na ncha ikakataa kushuka. Nikazunguka nyumba yote nikitafuta ufa. Sikupata. Nilikasirika upya, sijui kama msomaji atanielewa. Nyumba ya yule mtu ilikuwa nzuri kabisa.

"Iko salama," nikamwambia yaya.

Hakungoja, akawapungia mkono waliokuwa wakisubiri chini. Saa ile ile wakaanza kupanda mlima, wanawake wenye matumbo, wenye vichanga, mabibi wenye masufuria, madawati mawili yamebebwa kichwani. Mlinzi alipoelewa akainua bunduki, akaziba mlango.

"Hakuna kuingia! Nyumba iko na mwenyewe!"

Yaya alikuwa ameshika mwanamke aliyekuwa katikati ya uchungu, jasho linamtoka, hawezi kusimama wima. Akamsogeza mpaka mdomo wa bunduki ukawa karibu kugusa tumbo.

"Piga basi," akasema. "Anza na huyu. Mutoto anatoka, piga bote babili."

Mlinzi alikuwa mtu mzima, mwenye mvi kidevuni. Alitutazama wote, akanitazama na mimi na fimbo zangu. Kisha akasogea. Alikaa kwenye kivuli chembamba cha paa, bunduki magotini, na mtoto wa kike alipolia ndani akauliza kama mama yake ni mzima.

Kamanda alituma vitisho mara mbili kwa simu, kisha akaacha. Nadhani alikuwa na nyumba nyingine huko. Papa alitengeneza milango. Hakuna aliyetupa karatasi ya kile kiwanja na hatukuomba, kwa sababu kilikuwa chetu kabla hakijachomwa.

Yule binti wa marehemu alikuja kunitafuta mtoto wake alipoanza kutambaa. Nilikuwa nimemkwepa njiani, sikujua nimwambie nini. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Wanasema weye ulijua," akasema.

"Nilijua. Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

Mtoto alikuwa sakafuni, ameshika donge la udongo uliodondoka kwenye jembe, anajaribu kulila. Nikamnyang'anya, akalia. Nikamweka mapajani, nikaanza kumtajia mama yake majina. Nilianza na la kamanda, jina lake lote na la baba yake. Nikafuata la injinia. Nikataja la yule aliyekubali kuandika neno wastani, ambaye anaishi mjini hapa na tunasalimiana kanisani. Nikataja la msimamizi. Kila jina alilirudia taratibu, midomo ikisogea, apate kulishika vizuri, na mimi nikamngoja amalize kabla ya kwenda kwa lingine.